Lulu na Ushahidi Wake

Lugha yetu ina kitenzi kimoja kwa kazi mbili. Mwenye kupanga shanga katika uzi hutunga, na mwenye kupanga maneno katika mizani hutunga pia. Washairi wa pwani waliuona uhusiano huo tangu zamani, wakapenda kuyafananisha maneno mateule na lulu zilizotiwa uzini. Katika mfano huo lulu ilichukuliwa kuwa kitu kisicho shaka: neno laweza kuwa la uongo, lakini lulu ni lulu. Historia ya biashara yake haikuiacha imani hiyo isimame. Mwaka 1921 wafanyabiashara wa London na Paris, watu waliozeeka na lulu viganjani mwao, waliwekewa mezani punje mbili zilizolingana kwa umbo na nuru, nao wasiweze kusema kwa yakini ipi ndiyo ya kweli. Tangu hapo anayenunua lulu hununua vitu viwili kwa pamoja, yaani punje na ushahidi wa punje hiyo. Na mara nyingi ushahidi ndio ulio ghali zaidi.

Lulu ni kazi ya mnyama. Chaza akijeruhiwa, na kipande cha ile ngozi laini inayojenga gamba kikazama ndani ya nyama yake, hukizunguka kwa matabaka membamba ya dutu ileile anayoifanyia upande wa ndani wa gamba lake. Dutu hiyo ni chokaa iliyoshikamanishwa na utomvu wa mnyama, pamoja na maji kidogo. Nuru ikipenya katika matabaka hayo hurudi ikiwa imegawanyika, na hapo ndipo hutoka ule mng'ao ambao jicho huona unatoka ndani ya punje na si juu yake. Watu wa kale walisema kwamba chaza hupanda juu ya maji akafunua kinywa kupokea tone la umande au la mvua. Watu wa sasa husema ni punje ya mchanga. Hadithi ya pili si karibu sana na ukweli kuliko ya kwanza, ila haina uzuri wake.

Kwa karne nyingi lulu zilizosifiwa kuliko zote zilitoka Ghuba ya Uajemi, hasa katika maji ya Bahrain. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu zaidi ya 70,000 walitoka kila mwaka katika bandari za Ghuba, kuanzia Kuwait hadi pwani ya Omani, kwenda kuzamia. Msimu mkubwa ulianza karibu na mwezi wa Juni ukaisha Septemba, wakati joto la nchi kavu halivumiliki na maji ya chini yamepata joto kiasi cha kustahimilika. Mzamiaji alibana pua kwa kibano cha pembe, akaziba masikio kwa nta, akavaa vifuko vya ngozi vidoleni ili magamba yasimkate, akashuka na jiwe mguuni na kikapu shingoni. Juu ya jahazi mwenzake alishika kamba. Pumzi moja ilikuwa dakika moja au zaidi kidogo. Kisha kamba ikatikiswa, naye akavutwa juu. Kazi hiyo ilirudiwa mara nyingi tangu jua kuchomoza hata kutua, na katika muda wote huo mzamiaji alikula kidogo sana, kwa sababu tumbo lililoshiba haliwezi kushuka.

Chaza walilundikwa sitahani, wakafunguliwa asubuhi ya pili mbele ya macho ya nahodha. Yafaa msomaji aliangalie jambo hili kwa makini. Kwa kuwa lundo lilikuwa moja, hapana mzamiaji aliyeweza kusema, 'Lulu hii niliileta mimi.' Punje ilipotoka katika gamba ilikuwa tayari imekwisha kupoteza jina la mtu aliyeiokota.

Malipo nayo hayakuwa mshahara. Kabla ya msimu nahodha alimkopesha mzamiaji fedha na mchele wa kuachia jamaa zake, na nahodha mwenyewe alikuwa amekopa kwa mfanyabiashara. Msimu ulipokwisha, gharama zilitolewa kwanza, kisha kilichosalia kiligawanywa, na fungu la mzamiaji likaingia katika deni lake. Hesabu iliandikwa na anayedai, na anayedaiwa hakujua kusoma. Baba alipokufa mwana aliweza kulazimishwa kuzamia kwa ajili ya deni la marehemu. Huko Bahrain mageuzi ya miaka 1923 na 1924 yaliamuru kwamba kila mzamiaji awe na daftari lake la hesabu, na kwamba deni lisirithishwe. Manahodha wengi walichukia amri hiyo, na kwa hakika walikuwa na sababu. Kazi nzima ilisimama juu ya kutojua kwa mzamiaji.

Miongoni mwa watu hao wapo waliotoka kwetu. Katika karne ya 19 biashara ya lulu ilipokuwa ikipanda, mikono ilihitajika, na majahazi yaliyotoka Afrika ya Mashariki na pepo za kusi yalipeleka watumwa Sur, Maskati na bandari za ndani ya Ghuba. Mkataba wa mwaka 1873, ambao Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi kwa kushurutishwa, ulifunga soko la watumwa. Lakini usafirishaji wa siri uliendelea, na baadhi ya majahazi ya Sur yakajikinga kwa bendera ya Ufaransa hata shauri la bendera hizo likapelekwa mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, iliyotoa hukumu yake mwaka 1905. Mtumwa aliyewekwa katika kuzamia alifanya kazi ile ile ya mtu huru, katika jahazi lile lile, kwa jiwe lile lile. Tofauti ni kwamba fungu lake lilichukuliwa na bwana wake. Hata katika miaka ya 1920 na 1930 watu walikuwa wakikimbilia ofisi za wawakilishi wa Uingereza huko Sharjah, Bahrain na Maskati kuomba hati za uhuru. Maelezo yao yaliandikwa: mahali walipozaliwa, jinsi walivyochukuliwa, nani aliwauza, na miaka mingapi walizamia. Wengine walitaja Unguja na pwani yetu. Katika ngoma ya lewa, ambayo bado huchezwa Ghuba, yamo maneno ya Kiswahili ambayo baadhi ya wachezaji hawajui tena maana yake.

Tuifuate sasa punje ilikokwenda. Mfanyabiashara wa lulu wa Ghuba, aitwaye tawashi, alikuwa na kisanduku chenye mizani ndogo, kitambaa chekundu, na chekeche za shaba zilizotobolewa kwa vipimo mbalimbali. Lulu zilipitishwa katika chekeche kubwa, kisha ndogo, zikajitenga kwa ukubwa. Halafu zililazwa juu ya kitambaa, karibu na dirisha, naye akazitazama moja moja: umbo, rangi, ngozi, na namna nuru inavyokaa. Zilizo bora kabisa ziliitwa jiwani. Bei haikupanda kwa uzito peke yake. Katika desturi ya Ghuba na Bombay uzito ulizidishwa kwa uzito wenyewe, hivyo lulu yenye uzito mara mbili ya mwenzake, ikiwa sifa zao ni sawa, ilikaribia bei mara nne. Na walipofika kwenye mapatano, muuzaji na mnunuzi walishikana mikono chini ya kitambaa wakasemezana kwa vidole, watu wengine waketipo wasijue kilichotajwa.

Bombay ndiko lulu zilikopangwa upya, zikatobolewa, zikatungwa na kupelekwa Ulaya. Baadaye wanunuzi wa Paris waliona heri waende wenyewe kwenye chimbuko; Jacques Cartier alifika Ghuba mwaka 1912. Kipimo cha thamani ya lulu katika siku hizo ni nyumba moja ya New York. Mwaka 1917 duka la Cartier lilipata jumba la tajiri Morton Plant katika barabara ya Fifth Avenue kwa dola 100 na kidani cha lulu chenye nyuzi mbili, kilichokadiriwa dola 1,000,000. Kidani hicho kiliuzwa mnadani mwaka 1957, mke wa Plant alipokwisha kufariki, kwa dola 150,000 hivi. Jumba lingali linasimama mahali pake. Kilichoanguka ni imani.

Si kwamba lulu bandia zilikuwa jambo geni. Katika karne ya 17 mtengenezaji wa tasbihi mmoja wa Paris, jina lake Jaquin, aligundua kwamba magamba ya samaki mdogo wa mtoni yakisagwa hutoa uji wenye mng'ao wa lulu, akautia ndani ya vipira vitupu vya kioo. Lakini bandia ya namna hiyo hugunduliwa na mtu yeyote mwenye subira. Punje ya kweli ikipitishwa taratibu kwenye ncha ya meno hukwaruza kidogo, kana kwamba ina vumbi laini juu yake. Ya kioo huteleza. Ya kweli huwa baridi ikiguswa mara ya kwanza, na lulu mbili za kidani kimoja hazifanani sawasawa. Tena rangi ya bandia humenyuka pembeni mwa tundu, mahali uzi unapopita.

Wajapani walileta jambo jingine kabisa. Mwaka 1893 Mikimoto Kokichi alifaulu kumfanya chaza azae nusu lulu iliyoshikamana na gamba, kwa kumtilia kitu ndani akakifunika. Njia hiyo ya nusu lulu, tuseme kwa kupita, imefika hata Unguja, ambako wanawake wa upande wa Fumba walifundishwa kuipanda katika miaka ya 2000. Lulu ya duara ilikuwa kazi ngumu zaidi. Nishikawa Tokichi na Mise Tatsuhei walipata kila mmoja siri yake: punje iliyochongwa katika gamba la kome hutiwa ndani ya mwili wa chaza pamoja na kipande kidogo cha ngozi ijengayo gamba, kilichokatwa katika chaza mwingine. Punje hizo zilipatikana kwa kome wa mto Mississippi huko Marekani. Chaza huyo hutenda kama atendavyo siku zote. Huizunguka punje kwa matabaka yake. Lulu za namna hii ndizo zilizozua kelele ya mwaka 1921.

Wauzaji wa Ulaya walisema ni udanganyifu. Wakili wa Mikimoto alijibu kwamba hakuna alichobandika: utando ni wa chaza, chaza ni wa bahari, na bahari haina hila. Shauri lilifika katika mahakama za Paris. Louis Boutan, mwalimu wa elimu ya wanyama katika chuo kikuu cha Bordeaux, alizichunguza lulu hizo akashikilia kwamba dutu yake haina tofauti na ile ya lulu nyingine. Kilichotofautiana ni mwanzo wake. Mimi naona kauli hiyo ni sahihi, na ndiyo iliyogeuza maana ya neno 'kweli' katika biashara hii. Kabla yake kuuliza kama lulu ni ya kweli kulikuwa ni kuuliza imeumbwa kwa nini. Baada yake ni kuuliza ilianzaje, swali la historia, ambalo jicho na meno hayana uwezo wa kulijibu.

Basi ilihitajika kutazama ndani. London ilifungua maabara yake mwaka 1925, chini ya kijana Basil Anderson, kwa ajili ya kupima lulu hasa. Chombo kimojawapo cha miaka hiyo kilikuwa sindano tupu yenye vioo viwili vidogo, iliyopitishwa katika tundu la lulu. Mwali wa nuru uliotupwa ndani ya lulu ya asili ulizunguka na matabaka yake ukarudi kwenye kioo cha pili. Katika lulu ya kupandwa ulifuata tabaka bapa za ile punje ya kome, ukapotea nje. Eksirei nayo ilionyesha mpaka kati ya punje na utando, na jinsi fuwele zilivyojipanga: katika lulu ya asili hutazama nje kutoka katikati pande zote, katika punje ya kome hulala sambamba kama kurasa za kitabu. Kwa mara ya kwanza fundi aliyeketi London aliweza kusema juu ya punje fulani jambo ambalo tawashi wa Muharraq, na ujuzi wake wote, hakuliona.

Vipimo hivyo vilikuwa sahihi, lakini havikuweza kuokoa bei. Mnunuzi aliyekwisha kuambiwa kwamba kidani chake chahitaji eksirei hakukitazama tena kwa jicho la zamani. Kisha ukaja mwanguko wa fedha wa mwaka 1929, na Bombay na Paris zikaacha kununua. Huko Bahrain wazamiaji walifanya ghasia mwaka 1932 kwa sababu ya kupunguzwa kwa mikopo yao ya kabla ya msimu, na mwaka huohuo mafuta yakapatikana. Yafaa tukumbuke mpangilio wa mambo hayo. Watu husema kwamba mafuta ndiyo yaliyoiua kazi ya lulu. Kumbe yaliikuta mahututi. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi la Kuwait hadi Unguja na delta ya Rufiji katika msimu wa 1938 na 1939 kuchukua boriti, aliwakuta mabaharia waliokuwa wakizamia wakati wa joto na kusafiri wakati wa kaskazi, wakiwa na madeni katika kazi zote mbili.

Anayenunua lulu leo huingia katika soko ambalo karibu bidhaa yote ni ya kupandwa, na sehemu kubwa kwa hesabu ya punje hutoka katika mabwawa ya maji baridi ya Uchina, ambako aghalabu hutiwa kipande cha ngozi tu bila punje ya gamba. Si aibu kununua lulu hizo. Aibu ni kuuziwa kwa jina lisilo lake. Muuzaji mwaminifu hutaja neno 'kupandwa' kabla hajaulizwa. Ikiwa ni ya kupandwa, kinachofaa kuchunguzwa ni unene wa utando. Izungushwe mbele ya taa kali: ikiwa miraba ya punje ya ndani yaonekana, au mng'ao unawaka na kuzimika kadiri inavyogeuzwa, utando ni mwembamba nao hautadumu. Akiambiwa kuwa ni ya asili, asikubali meno yake mwenyewe yawe shahidi, kwa kuwa meno hutenga kioo na lulu lakini hayatengi asili na kupandwa. Adai hati ya maabara. Bahrain, ambayo kwa muda mrefu ilipiga marufuku biashara ya lulu za kupandwa katika visiwa vyake, ilifungua taasisi yake ya uchunguzi iitwayo DANAT mwaka 2017. Nako Uswisi, wataalamu walieleza mwaka 2013 jinsi ya kujua aina ya chaza kwa vinasaba vilivyobaki ndani ya lulu, na jinsi ya kukadiria umri wake kwa kupima kaboni. Lulu ya duara iliyozaliwa kabla ya karne ya 20 haiwezi kuwa ya Mikimoto.

Hati hizo hueleza mengi: maji ya chumvi au baridi, asili au kupandwa, uzito, umbo, pengine hata bahari. Swali ambalo soko liliona lina thamani ya mamilioni ni kama mkono wa mtu uliingia ndani ya chaza. Mkono uliomleta chaza juu haukuulizwa kamwe. Njia ya wazamiaji huko Muharraq iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2012, na ni jambo jema. Nyumba za matawashi zinatembelewa. Lakini anayetaka habari za wazamiaji waliokuwa watumwa hana budi kuzitafuta katika majalada ya zile hati za uhuru, ambako lulu hutajwa kwa neno moja tu, kama kazi ya mtu.

Juu ya kuitunza, adui wa lulu ni wale wale wanaopendwa na mwenye kuivaa. Chokaa huyeyuka katika siki, huliwa na jasho, na manukato huharibu ule utomvu unaoshikilia matabaka. Kwa hiyo mwanamke hujipamba kwanza, akajifukiza na kujipaka, na lulu ikawa ya mwisho kuvaliwa na ya kwanza kuvuliwa. Kisha hupanguswa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Haiwekwi kisanduku kimoja na almasi au dhahabu yenye ncha, maana ni laini, hukwaruzwa upesi. Wala haifai kufungiwa miaka mingi mahali pakavu penye joto. Maji kidogo yaliyomo ndani yake yakitoka, ngozi hupasuka nyufa nyembamba zisizozibika.

Uzi ni wa hariri, na fundo hufungwa kati ya punje na punje, ili zisisuguane na ili uzi ukikatika ipotee moja badala ya zote. Kidani kinachovaliwa sana chahitaji uzi mpya kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Wakati huo, uzi wa zamani ukiwa umetolewa, ndio wakati mwema wa kutazama ndani ya tundu kwa kioo cha kukuza. Katika lulu ya kupandwa mara nyingi huonekana mstari mweusi mwembamba, mpaka wa utando na punje ya kome. Katika lulu ya zamani ya Ghuba tundu lenyewe ni jembamba mno, kwa sababu aliyelitoboa alijua kwamba kila chembe ya unga aliyoipunguza ilipunguza uzito uliouzwa. Mwenye kuikuta alama hiyo aipeleke maabara kabla hajaitunga tena. Na akiisha kuitunga, asiivae wala asiitundike uzi ukiwa umelowa, kwa kuwa hariri yenye maji hunyooka, na mafundo yakaacha nafasi kati yake na lulu.